Krampeti Haina Matundu? Kutambua Kosa na Kulirekebisha Kabla Rojo Halijaisha

Krampeti ni mkate mdogo wa mviringo wa Uingereza, unaopikwa kikaangoni ndani ya pete ya chuma kwa rojo la unga wa ngano na hamira. Chini huwa bapa na wa rangi ya kahawia, juu huwa na matundu mengi. Matundu hayo si pambo. Ni midomo ya mirija inayopanda kutoka chini hadi juu, na kazi yake ni kunywa siagi. Krampeti isiyo na matundu inalika vizuri tu, ila siagi hubaki juu na kuteremka kwenye sahani.

Anayejua kupika chila, au canjeero ya Wasomali, atakuta jambo analolizoea: unapika upande mmoja na matundu yanafunguka upande wa pili. Tofauti ni unene. Chila ni nyembamba, joto hufika juu upesi. Krampeti ina unene wa karibu sentimita mbili, na karibu kila tatizo lililoandikwa hapa linatokana na safari hiyo ndefu ya joto kutoka chini hadi juu.

Kipimo cha kurejea

Huwezi kusema rojo ni zito au jepesi kama huna kipimo cha kulinganishia. Hiki kinatoa krampeti tisa au kumi za upana wa sentimita 9:

- unga mweupe wa ngano gramu 300
- maziwa mililita 200 na maji mililita 200
- hamira kavu ya chenga ndogo gramu 5 (kijiko cha chai kimoja na nusu)
- sukari kijiko kimoja cha chai
- chumvi kijiko kimoja cha chai, kisichojaa
- bikaboneti ya soda (baking soda) nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa kwa kisu
- maji mengine ya vuguvugu mililita 50, ya kuyeyushia bikaboneti na chumvi

Pasha maziwa na maji pamoja hadi nyuzi 38 au 40, yaani kidole kinakaa ndani bila kutaka kutoka. Mimina kwenye unga uliochanganywa na hamira na sukari, kisha piga kwa nguvu dakika 3 au 4. Usiogope kulipiga rojo hili. Gluteni, yaani mtandao wa protini ya ngano, inayojengwa hapa ndiyo itakayokuwa kuta za matundu. Funika. Kwenye chumba chenye nyuzi 25 hivi litahitaji kama saa moja. Likipanda, likajaa viputo, kisha likaanza kubonyea katikati, limefika. Ndipo unamimina maji yenye bikaboneti na chumvi, unakoroga taratibu hadi yachanganyike yote, na kuliacha dakika 15 hadi 20.

Kikaango kiwe kizito, moto uwe wa wastani unaoelekea mdogo, pete ziwe zimepakwa mafuta na zimepata moto pamoja na kikaango. Rojo lijae hadi kina cha sentimita moja na robo, yaani gramu 75 hadi 80 kwa pete ya sentimita 9. Viputo vya kwanza huonekana ndani ya dakika mbili. Kuanzia dakika ya nne hivi huanza kupasuka na kubaki wazi. Kati ya dakika ya 8 na ya 10 uso wote huwa umekauka, hauna tena sehemu inayong'aa kwa umajimaji. Toa pete, geuza kwa dakika moja tu au chini ya hapo.

Ya kwanza ni ya uchunguzi

Pika moja peke yake kabla ya kujaza kikaango. Ikiiva, iache dakika tano, kisha ikate katikati kwa kisu chenye meno, kutoka juu kwenda chini, utazame ndani. Watu wengi huhukumu krampeti kwa kutazama uso wake, lakini uso unaonyesha tu kwamba kuna kosa. Ndani ndimo utakamoona ni kosa lipi.

Ukiona mirija mirefu iliyosimama wima kutoka chini hadi juu, endelea na kazi. Ukiona mirija iliyoanza vizuri chini ikakomea robo tatu ya njia chini ya ngozi iliyofunga, rojo ni zito kidogo au moto ulipungua katikati ya mapishi. Viputo vya duara vilivyotawanyika huku na huko, kama ndani ya mkate wa kawaida, ni alama ya rojo zito kupita kiasi. Na ndani pakiwa pameshikana, pana weusi wa unyevu na utando unaong'aa karibu na chini, gesi haikuwepo ya kutosha au kikaango kilikuwa baridi.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, upike ya pili. Ukiongeza maji na kuongeza moto kwa pamoja, halafu ya pili ikatoka vizuri, hutajua kipi kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Juu ni laini kabisa, hakuna tundu hata moja

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni hamira. Mara nyingi haina hatia. Kama rojo lilipanda na kujaa viputo bakulini, hamira imefanya kazi yake, na kosa litafutwe kwenye uzito wa rojo, kisha kwenye moto, kisha kwenye bikaboneti. Fuata mpangilio huo.

Uzito wa rojo unapimwa kwa upawa. Chota, inua, mimina: literemke kwa utepe usiokatika, na alama ya utepe huo ipotee juu ya uso ndani ya sekunde mbili au tatu. Kwa wapishi wa kwetu, linazidi kidogo uzito wa rojo la chapati za maji na halifiki uzito wa rojo la vitumbua. Likikatika na kudondoka kwa mafungu, ongeza kijiko kimoja cha chakula (mililita 15) cha maji ya vuguvugu, koroga, subiri dakika tano, pika nyingine. Rudia hadi matundu yafunguke. Ukifika vijiko vinne na bado hakuna dalili, acha kuongeza maji, tatizo liko kwingine.

Sababu ya haya yote ni mbio kati ya vitu viwili. Joto likiingia chini, gesi iliyomo kwenye rojo hutanuka, maji hugeuka mvuke, viputo huungana na kupanda kwa mstari. Wakati huohuo rojo linakaza kuanzia chini kwenda juu. Tundu hubaki wazi ikiwa kuta zake zimekaza kabla hazijaporomoka, na ikiwa kiputo kimepasuka kabla uso wa juu haujakaza. Rojo zito hukwamisha kiputo njiani. Rojo jepesi mno huacha kiputo kipite kisha ukuta hujifunga nyuma yake. Moto mdogo hupunguza kasi ya kiputo bila kuzuia uso usikauke, kwa hiyo krampeti inaiva polepole, imefunga, na inakuwa ngumu kutafuna.

Moto upimwe kwa tone la maji juu ya kikaango kitupu, kabla ya kupaka mafuta. Tone likilia na kukauka ndani ya sekunde mbili au tatu, uko sawa. Likikaa linachemka taratibu, ongeza moto. Likijikunja na kukimbia huku na huko kama shanga, moto umezidi, ondoa kikaango jikoni kwa dakika moja au mbili. Kikaango kizito cha chuma huhitaji dakika 8 hadi 10 za kupata moto sawasawa. Kukipa dakika mbili na kuanza kumimina ni kujitafutia krampeti ya kwanza iliyofunga na ya tatu iliyoungua.

Bikaboneti ijaribiwe kwa siki: nusu kijiko kwenye siki kidogo ifoke papo hapo, kwa nguvu. Ikitoa viputo vichache vya uvivu, kopo limekaa wazi muda mrefu, nunua jingine. Hamira nayo ijaribiwe kwa maji ya vuguvugu yenye sukari: ndani ya dakika kumi iwe imefanya povu juu. Kama haikufanya, ama ni ya zamani ama uliipa maji ya moto. Kuanzia nyuzi 55 hivi hamira hufa, na maziwa yaliyotoka kuchemka yako mbali juu ya hapo.

Lipo pia jambo la unga. Uingereza wapishi wengi huchanganya nusu kwa nusu unga wa mikate, wenye protini ya asilimia 12 au zaidi, na unga wa kawaida wenye asilimia 9 au 10. Wa kwanza unaleta kuta imara, wa pili unaleta ulaini. Pakiti nyingi huandika protini kwa kila gramu 100, soma hapo badala ya kuamini jina lililo mbele. Unga wa atta (wa ngano isiyokobolewa) hunywa maji zaidi, anza na mililita 30 hadi 50 za ziada. Unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani uache kabisa kwa kazi hii: unatoa gesi yake mapema, na ukijumlisha na bikaboneti unapata krampeti yenye chumvichumvi isiyoeleweka.

Viputo vimejaa juu lakini havipasuki

Hili ni tatizo la jirani, na ni dogo. Gesi ipo, mirija ipo, kinachozuia ni ngozi nyembamba ya juu. Kijiko kimoja cha maji kwenye rojo kwa kawaida kinatosha.

Kama rojo liko sawa, tazama kifuniko. Wapo wanaofunika kikaango ili juu paive upesi. Mvuke ukinaswa hupika uso kutoka juu, ngozi ikafunga kabla ya wakati. Krampeti haifunikwi. Feni au upepo wa dirishani nao hukausha uso mapema, hasa kwa anayepika kwenye jiko la mkaa barazani.

Kutoboa viputo kwa kijiti kunakubalika dakika ya tano au ya sita kama viputo tayari vimevimba. Havikuvimba, kijiti kitatengeneza tundu la uso tu lisilo na mrija chini yake, na siagi haitaenda popote.

Matundu upande mmoja tu, au katikati tu

Moto hauenei. Jiko la gesi lenye kichomeo kidogo hupasha katikati ya kikaango na kuacha kingo baridi. Kwenye kikaango kama hicho pika mbili mbili katikati badala ya kujaza nne, au zungusha kikaango robo duara kila dakika mbili. Kuzizungusha pete zenyewe ni hatari kabla ya dakika ya tano, rojo litatoka chini. Kwa mkaa, subiri makaa yote yavae jivu na uyasambaze. Mkaa uliowaka upande mmoja utaiandika krampeti upande mmoja.

Angalia pia kama jiko limelala sawa. Rojo ni majimaji, litaegemea upande ulioshuka, na upande mnene utaiva mwisho.

Chini pameungua, juu pabichi

Moto umezidi au pete imejazwa mno. Kina cha rojo kikipita sentimita moja na nusu, hakuna moto utakaofaa: ukiwa mdogo juu hapafunguki, ukiwa mkubwa chini panaungua. Pima mara moja kwa mizani, gramu 80, kariri umbo lake ndani ya pete, na mizani hutaihitaji tena.

Vikaango vyembamba vya alumini huleta shida hii hata kwa anayepima vizuri, kwa kuwa hupitisha moto wa jiko moja kwa moja bila kuusambaza. Weka bamba la chuma au chapati-pani nzito kati ya moto na kikaango. Sukari na maziwa huharakisha weusi pia. Ukiona kahawia nzito inafika dakika ya nne wakati juu bado pana majimaji, punguza maziwa hadi mililita 100, weka maji mililita 300, na sukari iwe nusu kijiko. Krampeti ya maji matupu hukauka vizuri zaidi ikichomwa, ya maziwa huwa laini zaidi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni maafikiano tu, si sheria.

Zilizokwisha kukolea chini na bado ni mbichi juu zinaokolewa kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika tano. Asiye na oveni azigeuze mapema, juu patafunga lakini ndani pataiva.

Rojo linavuja chini ya pete

Kwanza iweke pete tupu juu ya meza bapa uigonge ukingo kwa kidole. Ikicheza, imepinda, na hakuna rojo zuri litakalobaki ndani yake. Pete ikiwa nzima, chungulia kikaango, kwani vingi hubonyea katikati baada ya miaka ya moto mkali. Vyote vikiwa bapa, basi rojo ni jepesi: nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha unga, piga hadi madonge yaishe, subiri dakika kumi.

Uvujaji mdogo wa milimita chache unaokaza mara moja si tatizo. Ukatwe kwa kisu baadaye.

Rojo likikataa kabisa kutulia ndani ya pete, achana na pete. Mimina upawa mdogo moja kwa moja kikaangoni, lienee lenyewe. Hiyo ni pikleti, ndugu mwembamba wa krampeti, anayepikwa Yorkshire, Lancashire na maeneo ya kati ya Uingereza, bila pete tangu hapo. Huiva ndani ya dakika tatu au nne na matundu yake hufunguka kirahisi kwa sababu safari ya joto ni fupi.

Zinaganda kwenye pete

Paka mafuta ya kupikia au samli, siyo siagi. Siagi ina mabaki ya maziwa yanayoungua na kugeuka gundi. Pete ziwe za moto kabla ya kumimina. Subiri krampeti ijivute yenyewe kutoka ukingoni, kwa kawaida dakika ya saba au ya nane, halafu pitisha kisu chembamba pembeni. Kati ya mkupuo na mkupuo, futa utando wa unga uliobaki na upake mafuta tena. Utando huo ndio unaokamata krampeti inayofuata.

Pete zinazofaa zina urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Fundi wa bati anaweza kuzikata kwenye chuma kisichoshika kutu, mwambie ukingo wa chini uwe sawa na usiwe na mshono uliojitokeza. Makopo ya samaki hupendekezwa sana, lakini mengi ya siku hizi yana mpako wa plastiki ndani ambao haukutengenezwa kwa moto wa kikaango, na kitako chake hakikatiki vizuri.

Ndani inanata, kama haijaiva

Hapa kuna wasiwasi mwingi usio na sababu. Krampeti iliyotoka kikaangoni sasa hivi hunata. Haijakusudiwa kuliwa hivyo. Inapoa juu ya waya, kisha inachomwa kwenye tosta au chini ya moto wa juu wa oveni hadi chini na kingo zikauke na kuwa ngumu kidogo, ndipo inapakwa siagi. Maelezo ya Elizabeth Raffald, mwandishi Mwingereza wa mapishi, kwenye kitabu chake cha mapishi kilichotoka 1769, yanasema hivyohivyo: ukitaka kuzitumia, zichome zikauke sana kisha uzipake siagi. Zake hazikuwa na pete wala bikaboneti, zilikuwa na mayai na chachu, zikimiminwa juu ya jiwe la kuokea hadi zienee upana wa kisahani cha chai. Hatua ya kuchoma haijabadilika tangu wakati huo.

Ikinata hata baada ya kuchomwa, uligeuza mapema, wakati katikati ya juu bado pana mng'ao. Au ulizirundika zikiwa za moto, mvuke ukarudi ndani. Zitandaze moja moja juu ya waya, chini pakipita hewa.

Ladha ya sabuni, rangi ya njano

Bikaboneti imezidi. Ikipata joto hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu, yenye ukali wa alkali kuliko ilikotoka. Asidi kidogo iliyojengwa na hamira kwenye rojo hula sehemu ya bikaboneti. Iliyobaki bila asidi ndiyo ulimi unayokutana nayo, na ndiyo inayoutia unga umanjano. Nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa gramu 300 za unga kinatosha, na kijiko kilicholundikwa kinaweza kubeba karibu mara mbili ya hicho. Madoa ya kahawia yaliyotapakaa ndani yanamaanisha kwamba haikuyeyuka kabla ya kuingia. Iyeyushe kwenye maji hadi usione chembe.

Onyo kwa jikoni za Afrika Mashariki: magadi ya kulainishia maharage na makande si kitu hichohicho. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo tayari yana ule ukali ambao hapa tunaukimbia. Krampeti ya magadi itakuwa na rangi ya njano na harufu ya kufulia, hata kwa kiasi kidogo. Nunua kopo lililoandikwa kuwa ni la kuokea.

Ukali wa pombe, au rojo lililolala

Rojo limechacha kupita kiasi. Saa moja iliyotajwa juu ni ya nyuzi 25. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 31 au 32, dakika 35 hadi 40 zinatosha, na inafaa kupunguza hamira hadi kijiko kimoja cha chai. Tazama rojo, siyo saa. Kupanda na kuanza kubonyea ndiyo alama. Likishakuwa limeshuka kabisa, lina maji juu na harufu kali, kuta za gluteni zimelegea na bikaboneti haitazirudisha. Tumia kwa pikleti.

Kwa baridi mambo hugeuka. Nairobi mwezi wa Julai, au nyumba ya London isiyo na joto, rojo laweza kuchukua saa moja na nusu. Bakuli liwekwe ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Miinuko nayo ina lake: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, gesi hutanuka kirahisi zaidi na rojo likikaa mahali pa joto hupanda upesi. Robo ya hamira ikipunguzwa, utalimudu.

Anayetaka kulilaza usiku kucha aweke robo kijiko cha chai cha hamira tu na alitie friji. Bikaboneti isiingie hadi asubuhi, baada ya rojo kutoka friji na kukaa kama saa moja kupoteza baridi.

Za mwanzo nzuri, za mwisho bapa

Anayetumia pete mbili au tatu hulijua hili. Bikaboneti huanza kutoa gesi mara inapokutana na asidi ya rojo, na rojo la krampeti kumi kwa pete mbili linaweza kusubiri karibu saa nzima. Ligawe rojo mara mbili kabla ya hatua hiyo. Nusu ya kwanza itie nusu ya maji ya bikaboneti na chumvi, upike. Zikibaki krampeti mbili za nusu hiyo, andaa ya pili. Rojo pia huzidi kuwa zito likisubiri, kwa hiyo nusu ya pili mara nyingi hutaka kijiko kimoja cha maji zaidi.

Zinaota ukungu upesi

Ni mkate wenye maji mengi, zaidi ya unga kwa uzito wakati wa kumimina, na hauna kinga. Viwanda hufunga pakiti zake kwa kaboni dayoksaidi kuzuia ukungu, na ndiyo maana uhaba wa gesi hiyo mwaka 2018 uliilazimisha kampuni ya mikate ya Uingereza, Warburtons, kusimamisha sehemu ya uzalishaji wake wa krampeti. Nyumbani huna gesi hiyo. Kwenye hali ya hewa ya baridi zitakaa siku mbili ndani ya mfuko uliofungwa. Pwani, siku moja.

Friji huzikausha na kuzifanya ngumu, friza haizidhuru. Zipoze kabisa, zitandaze kwenye sinia zisigusane kwa saa moja hadi mbili zigande, kisha zifunge kwenye mfuko na kutoa hewa. Zitumike ndani ya miezi miwili. Zikitoka friza ziende tosta moja kwa moja, bila kuyeyushwa, mara mbili mfululizo: ya kwanza inaondoa barafu, ya pili inakausha juu.